Gramu Arobaini na Mbili

Ijumaa ile fundi Anyisile alitoboa ukuta nikiwa namwogesha Bibi.

Bibi si mtu. Ni jiwe la mizani la shaba, kilo ishirini, ukubwa wa kopo la maziwa, na kwa miaka arobaini na mmoja yeye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho katika Handaki letu. Kila Ijumaa asubuhi mtunzi wa mizani humshusha kutoka kabatini, huchovya kitambaa kwenye unga laini wa magadi, humsugua huku akitaja majina ya watunzi waliotangulia, na haachi mpaka auone uso wake mwenyewe ubavuni mwa Bibi. Mzee Kangalu, aliyenifundisha kazi, alikuwa akisema kwamba vumbi lina uzito, na Bibi mwenye vumbi ni Bibi mwongo. Mimi nimemsugua miaka ishirini na sita. Sikukosa hata Ijumaa ile iliyofuata mazishi ya mwanangu, na nilijivunia hilo, mpumbavu mimi.

"Mama, unisamehe kwa vumbi," Anyisile alisema. Alikuwa anatafuta bomba lililovuja nyuma ya plasta, na patasi yake ilikuwa imetumbukia mahali penye uwazi. "Humu ndani kuna sanduku."

"Sanduku la nani?"

"Hilo nikuulize wewe. Nyumba ya Mizani ni yako."

Tulilitoa wote wawili. Lilikuwa la bati nene, limezibwa kwa nta pembe zote. Ukuta ule uliongezwa unene mwaka ule magadi yalipovunja lango la kaskazini, kabla mimi sijaajiriwa, na walioujenga nadhani hawakujua wanafunika nini. Nilikata nta kwa kisu. Ndani, juu ya kitambaa, kulikuwa na jiwe la mizani la kilo ishirini, limefubaa, rangi ya chai iliyokaa. Na karatasi: *Dada wawili. Wamepimwa pamoja, wako sawa. Mmoja atumike, mmoja atunzwe. Usishike kwa mkono mtupu. Usifute.*

Anyisile alicheka. "Kumbe Bibi ana dada. Tena huyu hajaoga tangu azaliwe."

Nilimwambia afunge mdomo, kwa sababu nilikuwa nimeona kitu kingine. Kwenye shaba ile chafu kulikuwa na herufi zilizochongwa, na kidole changu kilizisoma moja moja kupitia kitambaa, zina makali. Kwa Bibi pia kulikuwa na herufi hizo. Nilipoanza kazi nilizigusa. Sasa Bibi alikuwa laini kama shavu la mtoto.

*

Mizani yetu kubwa ni ya mikono miwili, na haidai chochote isipokuwa ulinganishe hiki na kile. Nilimweka Bibi kushoto. Kulia nikamweka dada yake, kwa koleo, kama karatasi ilivyotaka.

Mkono wa kulia ukashuka, ukagonga chini.

Nilimtoa Anyisile nje, nikamwambia bomba litangoja. Kisha nikaanza kuongeza vijiwe vidogo upande wa Bibi. Gramu kumi. Ishirini. Arobaini. Sindano haikusimama katikati mpaka zilipofika arobaini na mbili.

Sasa mtu angeweza kusema: mawe mawili yamegombana, nani kasema huyo mchafu ndiye mkweli? Nami nilijiambia hivyo, nikiomba iwe hivyo. Nilikuwa na mashahidi wangu wengine. Katika chumba kile kuna mizani ndogo kumi na mbili za kupimia mitungi, kila moja na jiwe lake la kilo ishirini, na mawe hayo tunayaita wajukuu. Niliwapandisha wote kumi na wawili, mmoja mmoja, wakabiliane na dada yule. Kila mjukuu alipungua gramu arobaini na mbili. Hakuna aliyetofautiana na mwenziwe hata kwa nusu gramu. Wakaguzi walikuwa wakitusifu kwa hilo: mizani kumi na mbili, jibu moja.

Lakini wajukuu hao nani aliwafundisha? Kila Ijumaa tulikuwa tunawapima kwa Bibi, na aliyemzidi tulimpiga tupa mpaka akawa sawa naye. Tulikuwa na mzaha wetu: "Wajukuu wamenenepa tena." Mashahidi kumi na wawili waliofundishwa maneno na mtu mmoja watapatana kwa kila neno, na hakimu mvivu atashangilia. Kupatana na kusema kweli ni mambo mawili, na mimi, mtunzi mzima, nilikuwa nimeishi miaka yote hiyo kama vile ni jambo moja.

Nikaenda zahanati kuazima chupa ya kioo yenye mstari wa lita moja. Maji hayana ukoo wala heshima. Lita moja ya maji safi ya baridi ni kilo moja, awe ameipima mfalme au mlevi. Nikamimina lita ishirini ndani ya ndoo niliyokwisha kuisawazisha, nikazilinganisha na Bibi. Chupa ile si chombo cha vipimo vya usahihi. Jicho langu lilikuwa linauona mstari juu kidogo mara hii, chini kidogo mara ile. Mara ya kwanza maji yalimzidi Bibi kwa gramu thelathini na nane. Mara ya pili arobaini na tano. Mara ya tatu arobaini na tatu. Kwa majibu yaliyoyumbayumba hivyo mkaguzi angenifukuza kazi. Ila ukiyajumlisha na kuyagawa kwa tatu unapata arobaini na mbili, kwa kuwa makosa ya juu yalikuwa yanafuta makosa ya chini. Kosa la Bibi halikuwa na mwenzake wa kulifuta. Lilikuwa linakwenda upande mmoja tu, Ijumaa baada ya Ijumaa, na lilikuwa linatoka na kitambaa changu.

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Changu kilikuwa mkononi, na nilikuwa nakifua kila Jumamosi na kukianika.

*

Niseme sasa gramu hizo zinanunua nini, kwa ajili ya msomaji aliyekulia penye hewa.

Bondeni hewa ilikufa mimi nikiwa mtoto. Tunaishi ndani ya Handaki, watu mia nne na kumi na wawili, na mashine inatutengenezea pumzi kwa umeme wa paneli zilizotandazwa nje, juu ya uwanda wa magadi. Magadi hupanda juu ya paneli kila siku na kila siku lazima yafagiwe. Kwa hiyo kila asubuhi watu sitini hutoka na mafagio, kila mmoja na mtungi mgongoni. Mtungi wenyewe na mikanda yake una kilo kumi na tisa na gramu mia tatu. Hewa iliyomo ni gramu mia saba. Jumla, kilo ishirini. Geji za mitungi zilikwisha zamani, vioo vyake vililiwa na magadi, basi tunachokitegemea ni mizani na saa ya mkanda.

Mfagiaji hutumia gramu moja na nusu na ushee kidogo kila dakika. Gramu mia saba zinampa saa sita na dakika ishirini na tisa. Saa ya mkanda inamlilia zikitimia saa tano na robo tatu. Hapo anageuka, na hata aliye safu ya mwisho kabisa ya paneli anafika langoni kwa dakika ishirini na saba. Zinabaki dakika kumi na saba. Hizo ndizo ruhusa. Waliotuanzishia Handaki hawakuwa wajinga. Walijua mtu hujikwaa, mkanda hukatika, mzani hukosea gramu mbili tatu. Wakaacha nafasi ya kukosea.

Gramu arobaini na mbili ni dakika ishirini na tatu. Toa ishirini na tatu kwenye kumi na saba uone kinachobaki.

Nilifungua daftari la wafu. Kazi ya kuliandika ni yangu pia, maana kila anayefia nje mtungi wake hurudishwa kwangu nitoe ushahidi. Miaka kumi na sita ya mwanzo hakuna jina hata moja. Halafu moja. Halafu miaka mitatu kimya, halafu mawili. Kadiri karatasi zilivyosogea ndivyo majina yalivyokaribiana, kama matone ya bomba linaloharibika. Kumi na tisa. Wote walikuwa wa safu za mwisho, na wote walikutwa wamelala wakiuelekea mlango.

Wa kumi na sita ni Niwaeli, binti yangu.

Alikutwa hatua mia tatu kutoka langoni. Kwa mwendo wa mtu mwenye mtungi hizo ni dakika sita. Siku ile ilikuwa ya kwanza yeye kupangiwa safu ya mwisho. Baraza lilikaa siku ya pili, na wakaleta picha ya nyayo zake kwenye magadi: zimenyooka, zimepangika, hatua moja sawa na nyingine. Mzee wa baraza akauliza, mtu ambaye mtungi wake unakwisha anatembeaje hivi kama anakwenda harusini? Wakasema alikuwa na muda akauchezea. Kisha wakanigeukia mimi.

Nilisimama. Nilikuwa nimevaa khanga mbili nyeusi na macho yangu yalikuwa yamevimba, lakini nilisimama, kwa sababu niliona kwamba mtunzi akiyumba kwa ajili ya mwanawe, nani atamwamini kwa ajili ya wana wa wenzake? Nikasema, "Mtungi nilipima mwenyewe. Ulikuwa kamili. Mizani haisemi uongo."

Jina lake likachongwa kwenye Ukuta wa Wazembe, pale penye njia ya kwenda bwaloni, ambapo watoto hupita na kusoma kwa sauti. Toka siku ile hakuna aliyeniita tena Mama Niwaeli. Wakawa wananiita Mtunzi. Nilidhani ni heshima.

Nilikaa na daftari lile mapajani mpaka mwanga wa korido ukabadilishwa rangi kuwa wa jioni. Sikulia. Nilikuwa nahesabu. Nilihesabu Ijumaa ngapi nilimsugua Bibi tangu Niwaeli alipoanza kutembea mpaka alipokufa, na kila Ijumaa ilikula kiasi gani, na kama ningekuwa mchafu, kama ningekuwa mvivu wa kawaida kama wanawake wengine ninaowasema, angekuwa nazo zile dakika sita.

*

Msimamizi Mkwizu alinipokea na bakuli la uji mkononi. Si mtu mbaya. Ningefurahi angekuwa mbaya. Ana kifua kinachomkohoza na wajukuu wanne, na usiku hulala karibu na mashine ili aisikie ikibadili sauti.

Nilimweleza yote. Nilipomaliza aliweka bakuli chini.

"Nani mwingine anajua?"

"Anyisile aliona sanduku. Hajui maana yake."

"Kaa, Mama Niwaeli."

Nilishtuka kulisikia jina lile. Nikakaa.

"Unataka mitungi ijazwe kamili," alisema. "Haki yako kutaka. Gramu arobaini na mbili kwa mitungi sitini ni ngapi kwa siku?"

"Elfu mbili mia tano na ishirini."

"Na mtu mmoja humu ndani anavuta ngapi kwa siku?"

Nilijua kabla hajamaliza kuuliza. "Mia nane na arobaini."

"Watu watatu," Mkwizu alisema. "Mashine haina ziada, wewe unajua kuliko mimi. Inatoa pumzi za watu mia nne na kumi na wawili na mitungi sitini kama ilivyo leo. Nikijaza mitungi yako, kesho tunahitaji kuwa mia nne na tisa. Nani hao watatu, mama? Nitajie. Nitatia saini."

"Basi mitungi ibaki ilivyo, watu warudi mapema. Waambiwe tu muda wa kweli."

"Dakika ishirini na tatu kwa watu sitini ni saa ishirini na tatu za kazi kila siku. Safu ya mwisho itabaki na magadi. Umeme utashuka, pumzi itashuka. Tutarudi kwa watu walewale watatu, ila kwa mlango wa nyuma." Akakohoa, akangoja kifua kitulie. "Ukinyamaza, tunapoteza mmoja, labda wawili kwa mwaka. Ukisema, watatu mara moja, tena nitawachagua mimi na nitawatazama machoni. Na si hao tu. Mia nne wataamka kesho hawaamini mtungi, hawaamini mizani, hawaamini mlango. Penye hofu watu huvuta pumzi zaidi. Hilo nalo lina gramu zake."

Nilitafuta kosa kwenye hesabu yake kama mtu anayetafuta funguo gizani, na kila nilichogusa kilikuwa mahali pake.

Akashusha sauti. "Sikiliza. Kesho asubuhi naweza kumfuta binti yako ukutani. Nitasema tumegundua mtungi wake ulikuwa na ufa. Mtungi mmoja tu. Hakuna wa kulaumiwa. Watoto hawatalisoma tena jina lile."

Mungu anisamehe, nilitamani. Mate yalinijaa kinywani kama mtu aliyefunga anaposikia harufu ya mandazi. Miaka mitatu nimekuwa nikizunguka kwa korido ya nyuma ili nisipite pale. Nilimwona kabisa fundi na patasi yake, herufi ya kwanza, ya pili, mpaka ukuta unakuwa mtupu pale alipokuwa mwanangu.

"Na wale kumi na wanane wengine?" niliuliza.

"Mitungi kumi na tisa haiwezi kupata ufa, Mama Niwaeli."

Nilisimama nikaondoka bila kuaga. Yeye aliniita mara moja tu, kisha nikasikia kijiko kikigonga bakuli. Uji wake ulikuwa haujapoa.

*

Asubuhi wafagiaji hupanga foleni mbele ya lango la nje, na mtunzi husimama penye kizingiti. Kila mmoja anapopita, mtunzi huweka kiganja juu ya mtungi wake na kusema, "Mtungi sawa." Yeye hujibu, "Nami sawa." Hapo ndipo mlinzi anapozungusha gurudumu la mlango. Bila maneno hayo hatoki mtu. Nimeyasema mara sitini kila siku kwa miaka ishirini na sita, na nilikuwa nayasema kama mtu anayesema shikamoo, mdomo ukifanya kazi peke yake.

Wa kwanza alikuwa Sempombe, mkwe wangu. Hajaoa tena. Kwa adabu zetu mkwe hanitazami usoni wala hanigusi, na toka msiba hatukuzungumza zaidi ya maneno yale mawili ya mlangoni. Alisimama mbele yangu ameinamisha kichwa, barakoa ikiwa bado inaning'inia shingoni.

Niliweka kiganja juu ya mtungi. Ulikuwa baridi. Nilijua kwamba nikisema, nimewaua watatu nisiowajua. Nikinyamaza, nitamwua huyu au aliye nyuma yake. Nilikesha nikilipima jambo hilo na sikuona upande ulioshuka. Nitakachosema hapa si ushujaa. Sikuweza tu kuutamka tena uongo ule nikiwa na mkono juu ya chuma.

"Mtungi si sawa," nilisema. "Umepungua dakika ishirini na tatu. Yote sitini. Bibi amelika, mimi ndiye niliyemla kwa kumsugua. Ukisubiri saa ikulilie ukiwa safu ya mwisho, hutafika."

Nilisema kwa sauti, foleni nzima isikie. Nikangoja makelele. Nikangoja watupe mitungi chini, wanishike, waniulize watoto wao walikufa kwa nini.

Hakuna aliyesogea. Mtu mmoja huko nyuma alikohoa. Mwanamke mmoja alikuwa anafunga mkanda wake, akaendelea kuufunga.

"Tunajua, mama," Sempombe alisema.

"Mnajua nini?"

"Gramu hatuzijui. Hewa tunaijua." Alikuwa anasema na miguu yangu. "Safu ya mwisho tunageuka kwenye saa tano na robo. Hatungoji kengele. Tukifika tunakaa nyuma ya ukuta wa lango, tunapumzika, maana aliyekaa havuti sana, mpaka muda ulioandikwa utimie, ndipo tunagonga. Daftari linaonyesha tumekaa wote."

"Tangu lini?"

"Mimi nilikuta hivyo. Wakubwa waliniambia siku ya kwanza. Asiyeamini ndiye anayebaki huko nje."

"Na paneli?"

"Nusu ya safu ya mwisho haijafagiwa miaka minane."

"Na mashine?"

"Si unaisikia inakwenda."

Niliisikia. Inanguruma ileile. Nikawafikiria wale watu watatu wa Mkwizu, niliokesha nao usiku kucha, niliowapa sura na majina. Hawakuwahi kuwako. Hesabu yake ilikuwa safi kama Bibi, na ilitoka kwenye daftari ambalo kila siku watu sitini walilidanganya ili waishi. Kumi na tisa wetu hawakufa kwa ajili ya yeyote.

"Kwa nini hamkuniambia?" Sauti ilinitoka ndogo. "Sempombe, mwanangu, kwa nini hukuniambia mimi?"

Alikaza mkanda wa mtungi wake. Mlinzi wa mlango alikuwa ameshika simu ya ukutani, akimpigia Mkwizu bila shaka. Sikumjali.

"Nani akwambie, mama? Kumwambia mtunzi kuwa Bibi ni mwongo ni kama kumtukana mzazi mbele ya watu. Wengine walisema, labda ni sisi tunaovuta vibaya. Halafu ukasimama barazani. Mtu aliyemtolea ushahidi mwanawe mwenyewe, mimi ningemwendea na nini? Na pumzi zangu?"

"Na Niwaeli?" Sikutaka kuuliza. Nilijua kwamba nisipouliza nitaweza kuishi, kwa namna fulani. "Yeye hamkumwambia? Mke wako, hukumwambia?"

Sempombe akainua macho. Ni mara ya kwanza mkwe wangu kunitazama usoni, na sikuona hasira. Niliona mtu aliyechoka kubeba kitu, anayetafuta mahali pa kukitua, na hakuna mahali isipokuwa kwangu.

"Nilimwambia, mama. Asubuhi ileile, anafunga viatu. Nikamwambia, safu ya mwisho usingoje kengele. Akanicheka. Akasema, 'Ninyi mnapima kwa woga. Mimi mtungi wangu kapima mama.'"

Nikaziona zile nyayo za kwenye picha. Hatua moja sawa na nyingine. Wenzake walikwisha geuka kitambo, yeye akabaki akifagia peke yake mpaka kengele ilipolia, kisha akarudi taratibu kwa sababu hakuwa na la kumharakisha. Alikuwa na dakika kumi na saba za ziada. Nilikuwa nimeweka kiganja mgongoni kwake nikamwambia anazo.

Sempombe aliinama tena, akavaa barakoa, akasimama akingoja. Sikuelewa anangoja nini mpaka nilipomwona mlinzi, simu ikiwa imebanwa shingoni, mkono juu ya gurudumu, naye ananitazama. Bila neno la mtunzi mlango haufunguliwi, na nje jua lilikwisha panda, na magadi hayangoji.

Niliweka kiganja juu ya mtungi wake. "Geuka saa tano na robo," nilisema.

"Nami sawa," akajibu ndani ya barakoa, na gurudumu likazungushwa.

Akaja wa pili, nikamwambia hivyohivyo. Wa tatu. Yule mwanamke wa mkanda. Niliwaambia wote sitini, mmoja mmoja, na kila mmoja aliniitikia kwa upole, kama mtu anayeambiwa jambo alilolijua tangu zamani na hataki kumwaibisha anayemwambia.

Kila mtungi niliougusa nilikuwa nauweka mgongoni kwa Niwaeli. Niligeuka kumtafuta wa sitini na moja, na korido ilikuwa tupu.